Chujio la maji: somo ninaloanza kwa kuomba radhi

Ni nesi wenu tena, tuendelee na masomo yetu ya nyumbani. Leo ni refu kidogo, kwa hiyo ukishalaza watoto, kaa chini usome taratibu.

Leo naanza na msamaha. Wale mnaonifuata tangu zamani mnakumbuka niliwahi kuandika hapa kuhusu usafi wa vyombo vya maji. Nilisema ndoo, jagi, kikombe na chujio vioshwe vyote kwa sabuni kila wiki mpaka ving'ae. Kwenye ndoo, jagi na kikombe nilikuwa sawa. Kwenye chujio la mchanga nilikosea. Si kukosea kwa kuandika tu, maana niliyasema hayohayo kwa mdomo wangu kwenye kliniki ya watoto, na kuna mama aliyenisikiliza.

1. MAMA ALIYENISIKILIZA

Jina lake simtaji. Yuko huku huku kwetu, njia ya Bisibo. Nilimkuta siku ya kupima uzito, mtoto wake ana mwaka mmoja na miezi miwili, kilo 8 kasoro kidogo. Tukaongea habari za maji. Akaniambia wao wanachota chemchemi ya bondeni, na nyumbani wana chujio la mchanga, lile sanduku refu la zege lenye bomba mbele, alilojengewa na fundi mmoja mzee wa hapo kijijini.

Nikamuuliza, "Unaliosha?"

Akasema, "Silioshi sana, sista. Ukifunua juu, mchanga una utando kama utelezi, rangi ya udongo."

Jamani, mimi nikikusikia unasema utelezi, nywele zinanisimama. Nikamwambia mbele ya wenzake, tena kwa sauti, "Mama, unamnywesha mtoto uchafu! Toa mchanga wote, osha kwa sabuni, suuza na klorini, anika juani, rudisha." Wenzake wakacheka kidogo. Yeye akainamisha kichwa, akasema sawa.

Siku ya tisa alirudi, na hakuwa amekuja kupima uzito. Mtoto alikuwa anaharisha maji matupu tangu jana yake jioni, macho yamezama, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole. Alikuwa anakunywa kwa pupa, na hiyo ilitupa moyo, kwa sababu mtoto aliyeishiwa maji kabisa hata kunywa hawezi. Tukamwekea ORS, mililita 600 kwa saa nne, kijiko kwa kijiko, akitapika tunasubiri dakika kumi tunaanza tena. Mama hakulala. Kufika alasiri mtoto akakojoa, akaanza kudai ziwa. Tukampa na vidonge vya zinki vya kwenda navyo nyumbani.

Wakati tunahangaika na kile kijiko, yule mama akaniambia kwa sauti ya chini, bila hasira yoyote, "Sista, lile chujio nililiosha kama ulivyosema. Mchanga uling'aa kabisa. Sasa sijui haya yametoka wapi."

Nilinyamaza. Kusema kweli hata mimi sikujua.

2. FUNDI

Jumamosi nilichukua bodaboda nikaenda kwake. Nilitaka kuona kwa macho. Chujio lilikuwa safi kuliko meza yangu ya chakula. Maji yalitoka kwa kasi, meupe, yanavutia. Nikamwambia aniitie yule fundi aliyelijenga.

Mzee akaja na fimbo yake. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kigoda. Alipofunua juu akatazama mchanga muda mrefu, halafu akauliza, "Nani kauosha hivi?"

Mama wa watu akanitazama. Nikasema, "Ni mimi, mzee. Mimi ndiye niliyemwelekeza."

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, wewe ni mtu wa hospitali. Mgonjwa akimeza dawa kali za kuua bakteria, kwa nini tumbo linamvurugika?"

Nikamjibu kwamba dawa inaua wabaya, na inaua pia wale wazuri wanaokaa tumboni.

Akasema, "Basi na humu ndivyo. Ule utelezi ulioutoa ndio uliokuwa unafanya kazi. Mchanga peke yake unazuia majani na matope. Kazi ya wadudu wa tumbo inafanywa na vile vinavyoishi juu ya mchanga."

Nirudie kwa lugha ya darasani kidogo. Kwenye chujio la mchanga, sentimita moja au mbili za juu kabisa huota utando wenye uhai: bakteria wasio na madhara na viumbe vingine vidogo visivyoonekana kwa macho. Maji ya chemchemi yakipita hapo, vijidudu vya magonjwa vinanaswa na kuliwa. Vinavyopenya vinakwama kwenye mchanga wa chini, na huko kwenye giza, hakuna chakula wala hewa ya kutosha, vinakufa. Utando huo ukishakomaa, chujio lililotunzwa linaweza kuondoa sehemu kubwa sana ya bakteria na karibu mayai yote ya minyoo. Lakini utando haukomai kwa siku moja. Unachukua wiki kadhaa, hata siku 30.

Sasa hesabu mwenyewe. Nilimwambia mama autoe utando wote, tena autie klorini ili usibaki hata mmoja. Jioni ileile akaanza kuwapa watoto maji, hakuchemsha, hakuweka dawa, kwa sababu nesi amesema likishaoshwa limekuwa salama. Yaani kwa siku zile zote tisa mtoto alikuwa anakunywa maji ya bondeni yaliyopita kwenye mchanga mtupu.

Siwezi kuapa kwamba mtoto aliugua kwa sababu hiyo. Mtoto wa umri ule anatambaa, anaokota, anatia kila kitu mdomoni. Huenda ulikuwa mkono, huenda ulikuwa kikombe. Lakini ninachojua ni kwamba palikuwa na mlinzi mlangoni, na mimi ndiye niliyemfukuza.

3. SAMAKI WA MJOMBA

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilishawahi kufundishwa jambo hili hili, nikiwa bado mwanafunzi wa uuguzi.

Nilikuwa nakaa kwa mjomba Mwanza. Sebuleni alikuwa na tangi la kioo la samaki wa mapambo, na pembeni kuna kichujio kinachozungushwa na umeme, ndani yake sponji. Siku moja mjomba amesafiri, nikaona nimfurahishe. Nikatoa lile sponji, lilikuwa jeusi linateleza. Nikalisugua kwa sabuni ya unga chini ya bomba, nikamwaga maji yote ya tangi nikajaza ya bombani. Tangi likang'aa kama dirisha la benki.

Siku ya tatu samaki walikuwa wanahema juu juu. Siku ya nne tukaanza kuwaokota.

Mjomba aliporudi alinieleza kwa upole. Samaki wanakojoa na kunya humo humo wanamoishi. Uchafu wao unatoa amonia, ile ile harufu ya choo kinachochoma pua. Amonia inaua samaki. Kwenye sponji kuna bakteria wanaoila na kuigeuza nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha wengine wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaivumilia. Mwenye tangi anabadilisha sehemu ya maji kila baada ya muda, hamwagi yote, na hiyo nitrati inapungua. Sponji haliendi bombani, kwa sababu maji ya bomba ya mjini yana klorini. Unachota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, unalikamua humo mara mbili tatu, matope yatoke, wakazi wabaki. Sabuni haigusi.

Nililia kwa ajili ya wale samaki, halafu nikasahau somo lao. Nikaja kulirudia kosa kwenye maji ya mtoto wa mtu.

Na wale wenye matangi ya samaki majumbani, najua mpo hasa wa mjini, nesi anaongeza moja: ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu kabla ya kuingiza mkono kwenye tangi. Ukimaliza nawa kwa sabuni, na ile ndoo ya kichujio isiwe ndoo ya jikoni. Maji yale yana bakteria wanaoweza kuingia kwenye kidonda au tumboni mwa mtoto.

4. MTAA MMOJA, MAJI MAWILI

Nimesoma sana tangu siku ile. Nikakutana na habari ya Ujerumani ambayo nataka muijue, maana inaonyesha kwamba mchanga si mambo ya watu maskini.

Mwaka 1892 kipindupindu kiliingia mji wa Hamburg. Mji ulikuwa unanywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Ndani ya wiki chache walikufa watu zaidi ya 8,000. Jirani kabisa, wamegusana, kulikuwa na mji wa Altona. Altona nao walikunywa mto ule ule, tena waliuchota chini zaidi, ukishapita Hamburg na kubeba vinyesi vya mji mzima. Lakini Altona waliyapitisha maji kwenye mabwawa ya mchanga kwanza. Kipindupindu kiliwagusa kidogo sana. Kuna sehemu mpaka wa miji hiyo ulipita mtaani, ugonjwa uko nyumba za upande mmoja, upande wa pili wazima.

Aliyechunguza ni Robert Koch, yule yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, na ndiye aliyekuja ziwa letu la Victoria mwaka 1906, visiwa vya Sese, kutafiti malale.

Lakini sikilizeni mwisho wake. Majira ya baridi yaliyofuata, mwanzoni mwa 1893, kipindupindu kikawashika hata Altona, ingawa si kwa ukubwa ule. Koch alipofuatilia, alikuta bwawa moja la mchanga lilikuwa limeganda kwa barafu wakati linasafishwa, likarudishwa kazini likiwa halichuji sawasawa. Mchanga ule ule uliowaokoa kiangazi ndio uliowaangusha baada ya kusafishwa vibaya.

Kwa hiyo kuwa na chujio hakutoshi. Hatari kubwa iko siku ya kulisafisha na siku zinazofuata.

5. SASA TUNALISAFISHAJE?

Haya niliyapata kwa yule mzee, halafu nikayalinganisha na maelekezo ya wataalamu wa haya machujio. Yanakubaliana. Chukua kalamu.

Usisafishe kwa kalenda. Safisha kwa kipimo. Jaza chujio maji hadi juu, weka chupa ya lita moja chini ya bomba, tazama saa. Chujio zima linajaza lita moja kwa kama dakika mbili na nusu hadi tatu. Likianza kuchukua zaidi ya dakika kumi, ndipo limeziba, lisafishe. Kama bado linatiririka vizuri, liache hata kama juu linakuchefua. Huo utelezi usikutie aibu, hata nesi akija.

Siku ya kusafisha fanya hivi:

Kwanza, nawa mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko na uisuuze vizuri. Ondoa kifuniko, toa na lile bati au kibao chenye matundu. Hivyo viwili vioshe kwa sabuni pembeni, suuza.

Pili, angalia maji yaliyobaki juu ya mchanga. Siku zote yanatakiwa yawepo kama sentimita 5, urefu wa kidole gumba. Ongeza kama lita nne, na yawe maji ya chemchemi ile ile unayotumia kila siku. Usiweke yenye dawa.

Tatu, weka kiganja kimelala juu ya mchanga, zungusha taratibu kama unayepaka mafuta mgongo wa mtoto. Usichimbe. Unagusa ngozi ya juu tu. Maji yatakuwa meusi.

Nne, chota yale meusi kwa kikombe, uangalie usichote mchanga, kamwage shimoni, mbali na chemchemi na mbali na wanapocheza watoto. Ongeza maji mengine, rudia, hadi ukipima na chupa uone kasi imerudi. Maji ya juu si lazima yawe meupe kabisa. Kasi ikirudi, acha.

Tano, sawazisha mchanga kwa kiganja, rudisha bati na kifuniko, jaza ndoo moja ipite. Futa mdomo wa bomba kwa kitambaa safi chenye sabuni au klorini, maana watoto wanaushika. Ndoo ya kupokelea ioshe kwa sabuni. Nawa tena.

Ukishamaliza, jua kwamba utando umejeruhiwa. Unahitaji siku kadhaa kupona. Mimi nasema wiki nzima maji ya kunywa yachemshwe au yawekwe dawa. Na kama ulitoa mchanga wote kama nilivyomwelekeza yule mama, hesabu mwezi mzima.

Makosa ninayoyaona nikipita majumbani:

Klorini inamwagwa juu ya chujio. Hapana. Dawa unaweka kwenye ndoo ya maji yaliyokwisha kuchujwa, unafuata maandishi ya chupa au ya pakiti, unasubiri nusu saa. Ukiimwaga juu unaua wafanyakazi.

Bomba linafungwa koki, au linavalishwa mpira. Hapana. Bomba limewekwa urefu ule makusudi, ili maji yakiacha kutoka ibaki ile sentimita 5 juu ya mchanga. Ukifunga koki maji yanabaki mengi, utando unakosa hewa. Ukivalisha mpira mrefu unaoning'inia, maji yanavutwa hadi mchanga unakauka.

Leo maji ya mto, kesho ya lambo, keshokutwa ya mvua. Jitahidi kubaki na chanzo kimoja, utando unazoea.

Mmesafiri wiki mbili msibani, mnarudi mnakunywa moja kwa moja. Chujio linataka maji kila siku, lisipite siku mbili bila kulishwa. Mkirudi, litumieni huku mkichemsha hadi lizoee tena. Na kila ukijaza, maji yakishapita yote, lipumzishe angalau saa moja ndipo ujaze tena.

Maji ya tope yanamwagwa hivyo hivyo. Wakati wa mvua, maji yakiwa mekundu, yaache kwenye ndoo yatulie usiku kucha, asubuhi yamimine taratibu kupitia kitenge safi kilichokunjwa mara nne. Chujio litakaa muda mrefu bila kuziba.

6. WENYE CHUJIO LA JIWE JEUPE

Wengine mna lile la ndoo mbili, ndani kuna jiwe jeupe refu kama mshumaa. Hilo ni jingine, msichanganye. Hapo kinachochuja ni vitundu vya jiwe lenyewe, vidogo kiasi kwamba bakteria wengi hawapiti. Hapa utelezi hauna kazi. Likipunguza kasi, litoe, lisugue nje kwa brashi laini au sponji jipya ndani ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Usitumie steelwool wala sabuni, kwa sababu jiwe linanywa sabuni na kuitoa kwenye maji yako. Usishike ule mdomo wa chini unaoingia kwenye ndoo ya maji safi.

Kisha litazame kwenye mwanga. Likiwa na ufa hata mwembamba kama unywele, limekwisha kazi. Maji yatatoka meupe bado, lakini hayakuchujwa, yamepita kwenye ufa. Nunua jingine.

Kwa aina zote mbili, maji yakishachujwa yanaweza kuchafuka tena kwenye ndoo. Tumia ndoo yenye kifuniko na koki. Kama huna, mimina. Usichovye kikombe, na kata isilale chini. Na kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, hata chujio likiwa zima, mimi bado nakuomba umalizie kwa dawa ya maji au kwa kuchemsha. Yakichemka kwa mapovu makubwa dakika moja inatosha, huna haja ya kumaliza kuni. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi maji kabisa, yawe yamechujwa au hayajachujwa. Ziwa la mama tu.

7. AKIANZA KUHARISHA

Usisubiri kesho. ORS pakiti moja kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni lita moja, na maji yawe yamechemshwa na kupoa. Kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe, kila baada ya choo. Ukipita saa 24 mwaga, tengeneza nyingine. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Njoo kituoni upewe zinki: miezi sita na kuendelea miligramu 20 kwa siku, chini ya hapo miligramu 10, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma.

Mkimbize haraka, hata usiku, ukiona macho yamezama, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ni mzito kuamka, choo kina damu. Huo si wakati wa kuuliza jirani.

8. NILIVYORUDI KWAKE

Nilikwenda tena wiki iliyopita. Chujio limefikisha mwezi tangu aanze kulilea upya. Alilifunua mwenyewe akanionyesha, ule utando wa udongo umerudi. Sikuamini kama ningekuja kufurahia utelezi maishani mwangu. Mwezi huo wote alikuwa anachemsha maji, na kuni mnajua zinavyopatikana kwa shida. Gharama hiyo imetoka kwangu, nikamwambia hivyo. Nikamwomba radhi yeye, na nikaomba radhi kwa kumwaibisha siku ile mbele ya wenzake, maana yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Mtoto alikuwa ameanza kutembea, ameshika kiti cha bibi yake, kilo zimerudi na kuzidi.

Mama akaniambia, "Mimi umeniambia. Na wale wengine waliokuwa kliniki siku ile, je?"

Nimewatafuta wale niliowakumbuka, mmoja mmoja. Waliobaki, na ninyi mliosoma lile somo langu la zamani, ndiyo maana nimeandika haya yote. Mwenye kulihifadhi kwenye simu, ule mstari wa chujio aufute. Ukimjua jirani mwenye chujio la mchanga, msomee sehemu ya 5 hata kama hana simu.

Na jambo la mwisho, mama mwenzangu. Siku nesi, mimi au mwingine, akikuambia kitu ambacho hakilingani na alichokufundisha aliyekutengenezea chombo, usiiname kichwa. Uliza. Sema, "Sista, fundi alisema vingine." Nesi mzuri atakaa chini, atafuatilia. Mimi ningeulizwa siku ile, ningekwenda kwa mzee wiki mbili mapema.

Somo lijalo tutaongelea kucha za watoto na minyoo. Usiku mwema, na ndoo zifunikwe.